Mjapani Ndani ya Kila Simu

Fundi wa simu pale soko la Warwick haongei na mteja akiwa kazini, kwa sababu skrubu zote huzishikilia kwa midomo. Vidole vyake ni vinene kama ndizi, lakini hufungua simu kwa upole wa mtu anayemvua mtoto shati. Akishabadilisha kioo, hukipangusa kwa pindo la shati, kisha hukijaribu kwa njia yake moja tu: hufungua ukurasa wa mtandaoni wa mchezaji mmoja wa soka wa Japani, yule anayeuinamia uwanja kabla ya kuingia, na kubonyeza pa kumfuata. Kikikubali, kioo ni kizima. Mwenye simu haambiwi. "Wafuasi milioni mbili," humtambia muuza mitishamba wa jirani, "na mia nne nimemletea mimi."

Leo asubuhi alimwona Gracieuse, msusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara, akija mbio na simu mkononi.

"Fundi, ni wewe ulinitilia huyu Mjapani? Kila asubuhi iko hapa!"

Fundi akatema skrubu kiganjani. Siku ya kuumbuka ilikuwa imefika. "Dada, pardon. Leta, nitamutosha, nitamufuta sasa hivi."

"Umutoshe?" Gracieuse akaikumbatia simu kifuani. "Tangu Jumapili aumie goti hajaweka picha hata moja. Saluni nzima imenituma kwako: iko anatembea?"