Benchi la Nyuma na Gitaa la Kiingereza

Juzi Jumamosi, rafiki yangu, simu ilinionyesha mzee wa Kiingereza mwenye mvi akiimba roki mbele ya kasri la mfalme wao, na wanawake wa umri wake wakimpigia makofi, wajukuu mapajani. Niliizima kwa wivu. Nilikuwa nimemkumbuka dada jirani yetu wa mtaa wa Murara.

Alikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Mjomba wake alirudi kutoka masomoni Uingereza na kaseti za roki, naye dada alizisikiliza akichambua maharage kwenye ua wetu wa mawe meusi ya volkano, watoto tumemzunguka, moshi wa makaa ukituwasha macho. Alitusimulia kwamba huko wanaume walijipaka rangi midomoni, magazeti yakapiga kelele, wazazi wakavunja sahani za santuri. Nilivionea wivu vidole vyake vya gitaa hata sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zikapoa sahanini mwangu.

Jumapili moja alipiga wimbo wa sadaka kwa mtindo ule, gitaa likinguruma, naye amevaa suruali. Vijana walisimama. Koko, nyanya yangu, aliyewaongoza wamama wa kanisa, alimngojea mlangoni.

"Mutoto mwanamuke, suruali mbele ya madhabahu? Ile miziki ni ya shetani!"

"Koko, ni vidole tu njo vinacheza. Hata kule wazazi walikatala, kisha wakazoea."

"Basi ungoje tuzoee!"

Wamama walicheka. Akapewa benchi la nyuma, mahali pa waliotengwa, bila Meza ya Bwana, mpaka atubu mbele ya wote. Kila ibada tuligeuka kutazama kama atasimama. Aliketi tu, vidole vikitembea juu ya goti. Kisha benchi likabaki tupu: alikuwa amevuka mpaka wa nchi na gitaa lake, asirudi tena.

Chuoni nilifundishwa kwamba maadili ya jamii hubadilika. Ninachowaonea wivu Waingereza ni kwamba wao walibadilika wakati wakosaji wao wangali karibu, wakiweza kuyasikia makofi.

Kesho yake baada ya video ile, Jumapili, gitaa la umeme lilitetemesha madirisha ya kanisa lile lile, na wapigaji walikuwa wasichana wenye suruali. Koko, ambaye magoti hayamfikishi tena mbele, aliketi nami kwenye benchi la nyuma. Mguu wake uligonga sakafu kwa mdundo. Akaniinamia.

"Yule mutoto wa jirani alikuwa anapigaka muzuri kupita hawa. Alienda wapi?"

"Tumezoea, koko," nilimjibu. "Yeye njo hakungoja."