Namba Tatu Ilinitosha

Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, ndipo aibu yangu ilipoanza, na naiandika humu daftarini kwa sababu nikiisimulia kwa mdomo nitaruka zile sehemu ambamo naonekana mjinga, halafu hakutabaki kitu cha kusimulia.

Kila mwezi sisi waongea Kiswahili wa mtaa wa Hallonbergen, Wakenya, Watanzania, Warundi na Wakongo, tunakutana kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu, na mtoto mmoja husimamishwa mbele aeleze jambo kwa Kiswahili, eti tuache kuwajibu wazazi kwa Kiswidi. Zamu ilikuwa yangu (mimi ambaye hata dukani huombwa nirudie nilichosema). Nikachagua kazi ya baba. Baba hukagua mabomba kwenye kituo cha umeme wa nyuklia, anakaa huko wiki nzima na kurudi Ijumaa. Kituo chao kiliongezewa nguvu miaka mingi iliyopita: kinu ni kile kile, ila kinatoa joto zaidi ili umeme uwe mwingi zaidi. Sasa mvuke umeongezeka, lakini unapita kwenye mabomba na vali zilizotengenezwa kwa mvuke wa zamani, kwa hiyo vitu vinatetemeka, nati zinalegea, nyufa zinajitokeza mahali ambapo hakuna aliyezitarajia. Ndiyo maisha ya baba, kutafuta nyufa.

Nikatengeneza kituo changu cha mezani: sufuria ya presha ya mama juu ya jiko dogo la umeme, mpira uliobanwa kwa kibanio kwenye mfuniko kupeleka mvuke kwenye feni ndogo, na feni inawasha taa. Nyumbani tulikijaribu na baba, jiko likiwa namba tatu. Taa iliwaka, kwa unyonge, lakini iliwaka.

"Usipite tatu, mwanangu," baba alisema. "Hicho kibanio kinaushika mpira kwa huruma tu."

Ukumbini baba aliingia jikoni kushughulikia birika la chai, nami nikawasha jiko namba tatu, nikaanza kusoma karatasi yangu. Mbele kabisa alikaa Mama Njeri, mwenyekiti wetu, muuguzi wa hospitali kule Flemingsberg, mtu ambaye hajawahi kunong'ona.

"Hiyo taa imewaka, ama tunaambiwa tu imewaka?" akauliza.

Watu wakacheka. Mtu mwingine nyuma akasema, "Mwacheni mtoto, huo ni umeme wa mgao."

Hapo mkono mmoja ulikuwa umeshika karatasi yenye sentensi niliyoiandika mwenyewe, kwamba kabla ya kuongeza nguvu lazima ukague kila kifaa, na mkono wa pili ukazungusha jiko hadi sita. Nilijiona nikifanya hivyo.

Baada ya muda taa ikang'aa, watu wakapiga makofi, na kwa kuwa sijazoea kupigiwa makofi nikaendelea kusoma hata sufuria ilipoanza kutetemeka na mpira kutoa mlio kama nzi mkubwa, nikasoma kwamba mitetemo huanza polepole, na Mama Njeri akamwambia jirani yake, "Aki huyu mtoto amejipanga, hadi mitetemo ameleta." Kibanio kikaruka. Mpira ukasimama wima, ukapuliza mvuke wote darini, kwenye kile kidude cha kugundua moshi. Hakuna aliyeungua. Baba alitoka jikoni mbio akachomoa waya, lakini kengele ya moto ilikuwa imeshaanza, jengo zima.

Tukatoka nje kwenye theluji tukiwa na soksi tu, maana viatu vyetu vyote vilikuwa vimerundikana mlangoni na hakuna aliyethubutu kusimama kutafuta vyake. Gari la zimamoto likaja. Akaja pia Birgitta, anayesimamia ukumbi, ambaye mwaka jana, baada ya moshi wa maandazi, alituambia tukipika tena humo hadi kengele ilie, ukumbi atapewa mtu mwingine. Hatuna ukumbi mwingine.

"Ni chai tu," Mama Njeri alimwambia haraka, akinificha nyuma ya koti lake. "Ilichemka kupita kiasi."

Birgitta akaandika "chai" kwenye daftari lake. Alisema atatoa uamuzi Jumatatu. Mimi nikazidi kujikunyata nyuma ya koti.

Kwenye lifti baba hakunigombeza. Alisema, "Kazini kwetu kitu kikiharibika, kila mtu anaandika alichoona. Wewe uliona nini?"

Jumapili, saa tatu asubuhi, kabla ya kanisa, nilikwenda kwa Birgitta nikamwambia kwa Kiswidi kwamba haikuwa chai, ni mimi, tulijaribu tatu nikaweka sita. Akaniuliza kwa nini sikuzima ilipoanza kutetemeka. Nikasema watu walikuwa wananipigia makofi. Akafuta "chai", akaandika "jaribio la sayansi", akasema ukumbi tutabaki nao ila hilo jiko asilione tena. Sitazungusha tena kitu chochote kupita pale nilipokijaribu, hasa watu wakiwa wananitazama.

Ilibaki kumwambia Mama Njeri, kwa heshima zote, kwamba nimemuumbua kwa kumweleza Birgitta kuwa haikuwa chai. Nikapanda ngazi hadi kwake ghorofa ya nne (lifti ingenifikisha upesi mno), nikabonyeza kengele yake kabla miguu haijageuka.