Macho ya Ukoo

Mdogo wangu namwonea wivu. Nalisema mapema ili mtu asije akanitafutia jina zuri zaidi.

Kwetu Ukonga tulikuwa wawili tusioona mbali, mie na yeye aliyenifuata. Mama mdogo, aliyetulea, akayapa macho yetu jina: macho ya ukoo. Babu yetu mzaa mama alikuwaga nayo, basi na sie tumerithi, yameisha. Jina hilo ndilo lililonimaliza. Sijui kama mama mdogo analijua hilo, lakini namtaja.

Tuliishi kwa kubahatisha. Umbo lolote refu likipita tuliliamkia shikamoo, maana ukimpita mtu mzima kimya, sifa ya dharau inakutangulia nyumbani. Kuna siku tulimwamkia kwa adabu zote mvulana wa darasa la saba, akaitikia marahaba bila aibu, mtaa ukacheka. Na sie tulicheka. Wakati huo tulikuwa sawa.

Shule niliiachia darasa la nne. Mwalimu aliyekuwa ananichapa kwa kunakili ubao vibaya, naye namtaja. Nikawa msusi. Kazi ya karibu naiweza: uso naubandika kichwani kwa mtu, wateja wanalalamika nawapumulia shingoni, ila mistari inanyooka.

Mdogo wangu alisoma, akapata kazi ya ofisini. Siku kaka yetu alipompeleka kupimwa macho, na mie nilivaa kitenge changu cha kutokea. Kaka akanikuta mlangoni.

"We unakwenda wapi? Ugonjwa si mmoja? Akipimwa huyu mmepimwa wote."

Wakarudi na miwani. Baadaye alipopata nyingine, ile ya kwanza nikarithishwa mie. Kichwa kiliniuma, taa moja ya barabarani naiona tatu, macho yananiwasha, nayafikicha mpaka nasikia raha. Nikisema, mama mdogo ananijibu mbona mwenzio halalamiki.

Mwaka jana mwenzangu akafanyiwa upasuaji. Walimpachikia vioo vidogo ndani ya macho, ukimtazama huvioni. Akaja nimsuke. Nilipomaliza akachukua kioo, akakisogeza mbali, akageuza shingo.

"Dada, mstari wa huku umepinda."

Miaka yote namsuka miwani kaivua, hakuwahi kuuona mstari wangu. Nikaupitisha kidole. Ulikuwa umepinda kweli. Nilimchukia, kisha nikaogopa, maana macho yakiisha na kula yangu imeisha. Nikaenda hospitali mwenyewe.

Daktari alikuwa binti mdogo, akaniamkia, akanipima muda mrefu. Akasema yangu na ya mdogo wangu hayahusiani kabisa. Yeye jicho lake ni refu kupita kiasi, basi. Langu, kioo cha mbele kimekonda na kuchongoka kama pia ya kuchezea, na kila nikifikicha ndivyo nilivyokuwa nakiharibu. Ningekuja mapema wangekikaza kwa dawa ya matone na mwanga, kikaishia hapo. Sasa la kulia lina kovu, mpaka nipandikizwe kioo cha jicho la marehemu. La kushoto wanaweza kulijaribu, lisiende mbali zaidi. Nikamwambia kwetu tunayaita macho ya ukoo.

"Ukoo gani, mama?" akasema. "Kila mtu anapimwa yake."

La kushoto wakalikaza. Niliporudi kuangaliwa, miezi imepita, yule binti alifurahi: halijaendelea kuharibika. Naona kilekile nilichokuwa naona, yaani kidogo, na hicho ndicho nitakachosukia.

Mdogo wangu ndiye aliyenisindikiza. Tulirudi kwa bajaji. Tangu apasuliwe hawezi kupita bango bila kulisoma kwa sauti, kama mtoto aliyejua herufi jana. Akasoma duka la dawa, akasoma fundi friji, akasoma kiwanja hiki hakiuzwi.

"Dada, ona ile saluni walivyoiandika, na maua juu."

Najua hakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linaloniuma, angekuwa nayo ningemtaja pamoja na wale wengine.

"Soma kimoyomoyo," nikamwambia.

Bega lake lilikuwa limegusana na langu, nikawa nahisi anavyogeuka, huku na huku, kila tulipopita maandishi.