Mzee Niliyemtoa Ukumbini

Jumapili iliyopita nilifanya jambo ambalo hata sasa, nikilikumbuka ndani ya treni ya kurudi nyumbani Husby, nafunika uso. Kazi yangu ni kupokea wageni na kulinda utulivu katika ukumbi mdogo wa muziki hapa Stockholm. Mchana huo aliimba binti mmoja Mhispania, mwimbaji wa flamenko, muziki wa jadi wa kusini mwa Uhispania, ambaye hadi juzi alikuwa akiimba kwenye harusi na ubatizo kijijini kwao. Hilo lilikuwa onyesho lake la kwanza ugenini.

Alianza kwa sauti kama ya mtu aliyefiwa. Waswidi walitulia tuli. Mara mzee mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Ole!" Binti akaimba kwa nguvu zaidi, nami nikadhani amekasirika. Mzee akarudia, tena kwa makofi. Nilichanganyikiwa. Huyu amelewa, au ana ugomvi naye? Nikamwinamia, nikamwambia kwa Kiswidi, "Mzee wangu, tafadhali tutoke nje." Sidhani alielewa hata neno moja, lakini alinifuata kwa adabu.

Nilipofunga mlango nyuma yake, sauti ya binti ilianza kutetemeka, kisha ikakatika. Mpiga gitaa naye akaacha.

"Umempeleka wapi baba yangu?" binti akaniuliza kwa Kiingereza.

"Alikuwa anakupigia kelele," nikajibu.

"Kwetu 'Ole!' ni neno la kumsifu mwimbaji; ndivyo anavyonitia moyo. Sijawahi kuimba bila yeye."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama, mkono wangu ungali kwenye kitasa.