Bendera Nyuma ya Kilima

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenilisha kwa kazi ya jeshi na kunirudisha Mumias nikiwa mzima.

Siku yangu ya kwanza kwenye mchujo wa kikosi maalumu, sajini mkuu alinikabidhi lori na birika kubwa la chai. Mchujo ni kuwapepeta askari waliokwisha kuhitimu, hata wabaki wachache. Walipanda milima na mizigo mgongoni, bila kuambiwa umbali. Lori lilifuata nyuma. Aliyeshindwa alipanda, akapewa chai, na safari yake ikaishia hapo.

"Dereva," aliniambia, "wewe unamimina tu. Ukimwambia mtu mwisho uko wapi, utarudi jikoni kuosha sufuria."

"Ndiyo, afande."

Mimi na sajini mkuu tulihamishwa kambi hadi kambi, kazi ikawa ile ile. Meja mmoja, mtu wa sala, alinifafanulia: "Vitani hakuna wa kukuambia umebakisha kilima kimoja." Nilikubaliana naye.

Kisha akaja Makokha, mtoto wa jirani yangu kule Matungu, karibu na Mumias, penye mashamba ya miwa. Siku ya mwisho alilifikia lori akichechemea, buti limelowa damu. Wakufunzi wakamcheka: "Panda, mtoto wa miwa! Chai ina sukari ya kwenu!"

Akasogea mlangoni kwangu, akanisalimu kwa lugha yetu. "Mulembe, baba. Bado ni mbali?"

Bendera ya mwisho ilikuwa nyuma ya kilima kile kile kilichokuwa mbele yetu. Sajini mkuu alikuwa ananitazama. Nikamimina chai.

Makokha akapanda. Tulipokizunguka kilima, akaiona bendera. Kikombe kilibaki mkononi mwake, hakukinywea.

Nilipostaafu, mama yake alinialika. Alipika obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, akaniwekea firigisi, kipande ambacho kwetu hupewa mgeni wa heshima.

"Makokha aliniambia," akasema, "alipoumia ulimpa chai na mahali pa kukaa. Mungu akulipe."

Makokha mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu. "Kula, baba," akasema, akanisogezea sahani.

Nikala, haya imenijaa usoni, nisiweze kumtazama. Amri ilikuwa halali, najua. Hata hivyo, kila nikikumbuka meza ile hujikuta nasema astaghfirullahi.

Nawe unayesoma, Mola akutie nguvu pale usipoona mwisho, na akukutanishe na mtu atakayethubutu kukuambia kwamba umekaribia. Amin.