Mkeka Mweupe wa Shangazi

Harufu ya miyaa, majani ya kusukia mikeka, ikichemshwa na rangi bado hunichokoza pua. Mimi bibi mzima mwenye wajukuu, nikiisikia hucheka peke yangu kama mwizi aliyeponea chupuchupu.

Mwaka wa mwisho kabla ya uhuru, tukikaa Likoni, Shangazi Mwanaisha alivuka feri kwenda kwa daktari, akarudi na habari kwamba uvimbe wa kifuani mwake ulikuwa saratani na ziwa, titi lile, lilitakiwa likatwe upesi. Alikataa. Dada huyu wa baba, msusi wa mikeka ambaye mdomo wake ulijulikana hadi Mtongwe, alinyamaza kimya. Akaketi ukumbini kusuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, mweupe mtupu, siku baada ya siku.

Mama alininong'oneza kwamba nyumbani kwetu mkeka wa rangi ni wa kukalia wazima, mweupe ni wa maiti.

Nilishikwa na hasira ambayo hata leo siijutii. Nilikuwa na miaka tisa, na Shangazi ndiye aliyenilea mgongoni mwake. Asubuhi moja alipokwenda kisimani, niliinjika sufuria ya rangi yake nyekundu aliyoiacha, nikakusanya miyaa yote na ukili wote, nikavitumbukiza ilipotokota.

Aliporudi alishika kichwa.

"Mwana huyu ana wazimu! Huo ni wa kuzikiwa mie!"

"Basi huzikwi! Nenda ukakatwe, Shangazi. Ukifa sikusamehe, wallahi!"

Nilingoja kofi. Badala yake yakamwagika maneno yote aliyoyafungia majuma mawili: ufidhuli wangu, malezi ya baba yangu, na zaidi mikono yangu isiyojua kazi.

"Hata kukoroga hujui! Tazama, rangi imeshika upande mmoja!"

Akaninyang'anya mwiko, akakoroga mwenyewe, huku machozi yakimtiririka. Nami nikalia.

"Nitakwenda," alisema mwishowe. "Lakini twende sote."

Tulivuka pamoja, nimelishika buibui lake kwa vidole vyekundu. Ziwa likakatwa. Aliumwa sana, mkono ukamvimba, na aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, akigombana na kila mtu. Siku ya nikahi yangu tuliukalia mkeka ule mwekundu, mabaka yake yote yakionekana.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba nilimshinda Shangazi. Nilikuwa mama wa watoto watatu niliponunua miyaa yangu mwenyewe, ndipo nikatambua. Miyaa myeupe ilijaa tele sokoni, na Shangazi angeweza kuanza mkeka mwingine mweupe jioni ileile nilipoutia ule rangi. Hakununua hata jani moja.