Pampu Mpya, Mipira ya Zamani

Mpwa wangu, binti wa dada yangu marehemu, watu wa gereji wanamwita Nozeli. Ukimwita jina lake la kuzaliwa huchelewa kuitika. Kazi yake ndiyo hiyo, kusafisha nozeli, vile vidude vinavyonyunyizia petroli ndani ya injini. Huweka ncha ya bisibisi juu ya nozeli, mpini sikioni, akasikiliza inavyogonga. Na petroli anaiogopa kuliko nyoka. Nikienda kumsalimu hunipekua mifuko kwanza.

"Mjomba, kiberiti kibaki nje. Ukiniunguzia gereji nitakuzika bila kilio."

Mdogo wake wa kiume ana gari la zamani la mbio, hushindana nalo kupanda milima. Likaanza kukohoa. Yeye akataka mfumo mzima mpya wa petroli, wa kiwanda kingine, wenye kompyuta yake na pampu ya nguvu. Dada yake akataka uleule ambao gari liliundwa nao.

"Huu nautambua kwa sauti," alisema. "Huo mgeni, ukinyamaza sitajua umenyamazia nini."

"Dada, spea orijino zimekwisha duniani. Utazifukua makaburini?"

Wakavutana weee, mwishowe wakapatana kindugu, kila mmoja akapata kipande chake: nozeli na mipira ya kupitishia petroli ibaki ya zamani, pampu iwe mpya. Undugu ni kitu kizuri, lakini chuma hakina ndugu.

Walipomaliza kufunga, Nozeli alisikiliza nozeli mojamoja, akatikisa kichwa kukubali. Gari likanguruma vizuri, na kijana akalitoa kwenda kulijaribu mlimani.

"Limepona," nikasema.

Nozeli alikuwa amepiga magoti pale gari lilipokuwa limesimama. Akagusa sakafu, akanusa kidole.

"Mipira imeanza kuachia petroli," alisema. "Pampu inasukuma kuliko mipira inavyostahimili. Na yeye amekwenda kulichemsha, mjomba!"

Akapiga simu. Ikaita, ikaita. Ndani ya gari lile hata radi huisikii. Tukabaki tunasikiliza ngurumo kule juu. Siku zote majirani huomba kelele ile ikome, na mimi siku ile naomba iendelee. Kila ilipofichwa na kona, mpwa wangu alinishika mkono, kucha nikazisikia mpaka kwenye mfupa.

Kijana akarudi, amekenua meno.

"Dada, linaruka hili!"

"Zima! Toka!"

"Kwani kuna—"

"Toka, wewe mtoto!"

Akamvuta kwa kola. Petroli ilikuwa imemwagikia ubavuni mwa injini, inafuka mvuke, karibu kabisa na bomba la moshi lililokuwa likiwaka joto. Kwa nini haikulipuka, mpaka leo sijui. Kijana alichungulia, akaketi chini, akatapika.

Dada akashika mtungi wa kuzimia moto, akasimama mbele ya gari mpaka chuma kikapoa. Mtungi ulikuwa unagonga vifungo vya ovaroli.

"Mambo ya nusunusu sasa basi," alisema. "Na mipira ya zamani iliyo hai haipo tena. Tutafunga mfumo mpya mzima, kuanzia kwenye tangi."

"Tuliuze, dada. Mimi ufunguo ule siugusi tena."

"Ukiliuza hivi, atakayeungua ni mtoto wa nani?"

Wakafunga vyote vipya. Siku ya kuliwasha, kijana akabaki mlangoni, midomo mikavu.

"Si wewe uliyeutaka huu mfumo?" dada akamuuliza.

"Niliutaka kabla sijaona."

"Haya, mchukue mjomba. Nendeni nyuma ya ukuta."

"Dada, na wewe njoo, tumtafute mtu mwingine."

"Mtu mwingine hana ndugu?"

Tukajibanza nyuma ya ukuta, yeye ameziba masikio, mimi nimefumba macho kana kwamba kufumba kunazima moto. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Ikakohoa tena, ikashika. Kijana akainuka kukimbilia ndani.

"Bado!" sauti ya Nozeli ikapasua ngurumo. "Msije bado, sijaigusa sakafu!"